Waifai inapeta mchana, ikifika saa moja usiku inakufa. Naombeni ushauri

Dada_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nimechanganyikiwa kwa kweli.

Nipo Uyole, Mbeya. Nafundisha Kiswahili kwa video. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani na wanapatikana wakishatoka kazini, hivyo vipindi vinaanza saa moja usiku. Nyumbani nimevuta faiba, yaani intaneti ya waya. Mchana mambo ni safi. Ikifika jioni simu inaonyesha mistari yote ya waifai imejaa, lakini chini inaandika kuwa imeunganishwa, hakuna intaneti. Kinachonishangaza, kompyuta inaweza kuwa inafanya kazi vizuri huku simu iliyo pembeni yake haipokei hata ujumbe. Siku nyingine kompyuta ndiyo inagoma, simu inapeta.

Fundi wa kampuni alikuja mchana, akapima, akasema laini haina shida, akaondoka. Mwanafunzi mmoja ameshaniambia ikikatika tena atatafuta mwalimu mwingine, na hiki ndicho kinachonilisha mimi na mama. Nihame kampuni au ninunue ruta kubwa zaidi?

Mnyalukolo_Kihesa
Hama, usiumize kichwa. Mimi hapa Iringa nilivumilia kampuni moja weee, kila ukipiga simu unaambiwa "tunashughulikia". Nilipohama nikalala usingizi.

Kijana_Soweto
Hiyo ruta inasikia baridi ya Uyole, ivalishe sweta 😂 Ngoja waje wajuzi, nimeweka kambi hapa.

Mwana_Mafinga
Tatizo ni chaneli, yaani njia ya mawimbi ambayo waifai inapitia. Jioni majirani wote wamerudi, ruta zote zimewashwa, na kwenye masafa ya 2.4 GHz ni chaneli 1, 6 na 11 tu ambazo haziingiliani. Hamia masafa ya 5 GHz. Ila kama nyumba ni ya tofali za kuchoma, kaa chumba kimoja na ruta, maana 5 GHz ikikutana na ukuta mnene inachoka haraka. Na kama kuna maikrowevu jikoni, usipashe chakula wakati wa kipindi. Inafanya kazi karibu na 2.45 GHz, humo humo ilimo waifai.

Mzee_Rungwe
Binti yangu, sisi huku Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na radi ndiyo usiseme. Nilivuta waya wa mtandao kutoka nyumba kubwa hadi kwenye banda la kijana wangu, nikaupitisha nje. Siku moja radi ikapiga kwa jirani, ruta zote mbili zikaungua na kompyuta juu. Vijana wa siku hizi mnaamini kila kitu ni cha kubonyeza tu. Chomoa vifaa wingu likifunga.

Fundi_Waya
Tusimpotezee dada muda. Mawimbi yakisongamana, intaneti inakuwa nzito na kukatakata kwa vifaa vyote vilivyo hapo, hasa vya masafa hayo. Msongamano hauchagui kompyuta iishi na simu ife, leo hivi, kesho vile. Na mistari imejaa, kwa hiyo ishara ipo.

Dada, simu ikigoma tena fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wako, utaona anwani ya IP (namba ya simu yako kwenye mtandao) na anwani ya ruta, ambayo simu nyingine wanaiita lango. Ziandike. Angalia hivyo hivyo kwenye kompyuta inayofanya kazi. Halafu niambie, nani mwingine anatumia huo mtandao?

Dada_Uyole
Natumia mimi na mama tu. Ruta ni moja, ipo sebuleni. Nimeangalia sasa hivi: kompyuta inayofanya kazi, anwani ya ruta ni 192.168.100.1. Simu iliyogoma ni 192.168.0.1. Je, hii inamaanisha ruta imechoka? Kuna mpya nimeshaiwekea oda dukani Mwanjelwa na nimetoa kianzio.

Fundi_Waya
Subiri na hiyo oda. Hapo kuna ruta mbili, moja unaijua, nyingine hujaitaja. Nyuma ya ruta ya sebuleni, waya uliochomekwa kwenye matundu ya LAN (ya kupeleka mtandao kwenye vifaa vya ndani) unakwenda wapi?

Kijana_Soweto
Eheee.

Dada_Uyole
Sawa. Kuna waya unakwenda chumba cha uani. Yupo mpangaji, kijana, ananichangia shilingi 15,000 kwa mwezi. Sikumtaja kwa sababu nimeshamalizana naye: nimempa notisi aondoke mwisho wa mwezi. Anarudi kazini jioni, na akirudi tu ndipo mtandao unaharibika. Ni mtu wa kompyuta, anajua kuuchezea. Kwa hiyo naomba mnielekeze jinsi ya kumfungia nje kwa hizi wiki zilizobaki, siyo habari za matundu.

Fundi_Waya
Habari za matundu ndizo zenyewe. Sikiliza.

Simu ikijiunga na waifai inapiga kelele mtandaoni: "nani anagawa anwani?" Kazi hiyo inaitwa DHCP na nyumbani inafanywa na ruta. Kijana wako ana ruta yake ili apate waifai chumbani, na nadhani waya wako ameuchomeka kwenye tundu la LAN badala ya WAN, tundu la kupokea intaneti kutoka nje. Kwa hiyo ruta yake haipo nyuma ya yako. Iko bega kwa bega na yako kwenye mtandao mmoja, na zote mbili zinagawa anwani. Simu inamsikiliza aliyewahi kujibu. Ikijibiwa na ya sebuleni, unapeta. Ikijibiwa na ya uani, inaambiwa njia ya kutokea ni 192.168.0.1, na huko hakuna faiba.

Ndiyo maana mchana ni shwari: ruta yake imezimwa, yuko kazini. Ndiyo maana fundi hakuona kitu. Na kifaa kilichopata anwani sahihi mchana kinaweza kuendelea nayo usiku. Kinachotoka na kurudi ndicho kinachonaswa. Yeye mwenyewe nadhani anateseka vilevile.

Dada_Uyole
Hajawahi kulalamika. Mtu mwema angelalamika.

Mama_Viazi_Njombe
Analalamikaje kwa mwenye nyumba anayempa mtandao kwa hisani? Mpangaji hujikunja. Halafu mwenzangu, soma mkataba wako wa faiba, mingi inakataza kuuzia wengine.

Dada_Uyole
Sikuuza, tunachangiana.

Mnyalukolo_Kihesa
Wakuu, hii ni chai. Mwaka jana ID hii hii ilileta uzi kwamba amepanga Kihesa, hapa Iringa, mwenye nyumba anamsumbua kuhusu maji. Leo yeye ndiye mwenye nyumba Uyole na anatoa notisi. Mnapoteza maarifa yenu kwa mtunzi wa hadithi.

Kijana_Soweto
Nilijua tu! Chai ya Rungwe hii, ina majani kabisa.

Mwana_Mafinga
Hata namba zimekaa vizuri mno. Weka picha ya skrini.

Dada_Uyole
Mnaniumiza. Nilikuwa Iringa kweli, nikarudi nyumbani mama alipoanza kuumwa miguu. Nyumba ni ya mama. Picha ya skrini nimeweka hapo chini, na nyingine ya nyuma ya ruta. Singekuja kuandika haya usiku wakati nina kipindi kesho.

Mama_Viazi_Njombe
Picha nimeiona, naamini. Sasa kama nyumba ni ya mama, mama anajua kijana amepewa notisi?

Dada_Uyole
Ningemwambia mwisho wa mwezi. Ana presha, sikutaka kumpa mawazo.

Mzee_Rungwe
Binti, kodi ya kijana huyo ni ya mama yako. Huwezi kumtoa mtu kwenye nyumba ya mzazi aliye hai bila kumshirikisha, halafu kwa kosa la waya. Kwetu jambo hilo linaitiwa kikao.

Fundi_Waya
Mambo ya kikao nawaachia. Dada, kesho akirudi mwambie achomoe waya kwenye LAN auchomeke WAN. Kama ruta yake haina WAN, aingie kwenye mipangilio, azime DHCP, na abadilishe anwani yake ianze na 192.168.100 kama yako, ila iwe namba ambayo hakuna kifaa kingine kinachoitumia. Kisha zima na uwashe waifai kwenye vifaa vyako vyote ili vichukue anwani upya.

Dada_Uyole
Mrejesho. Amehamisha waya mbele yangu, ulikuwa LAN kweli. Anasema waifai ya chumbani ilikuwa inamgomea mara kwa mara, akawa anatumia bando la simu. Kipindi cha leo kimeisha bila kukatika, simu na kompyuta zote zinasoma 192.168.100.1. Ya Mwanjelwa nimepiga simu, wamekubali kunirudishia kianzio. Notisi bado ipo. Nitaongea na mama Jumapili, hilo niachieni.

Fundi, huo waya wa uani umepita juu ya bati. Aliyosema mzee kuhusu radi ni kweli?

Fundi_Waya
Ni kweli. Waya wa shaba kati ya nyumba mbili unaweza kuleta umeme wa radi ndani. Ubadilishe uwe wa faiba na vigeuzi vyake (vya kuunganisha faiba na ruta) kila upande, kabla mvua za Novemba hazijaanza.