Mrejesho: printa ya waya sasa iko kwa Wi-Fi, karibu kabisa

Wasee nimerudi, ni mimi yule wa Lanet hapa Nakuru niliuliza vile naeza toa printa yangu ya zamani, yenye iko na shimo la LAN (la waya wa mtandao) pekee, niiweke kwa Wi-Fi bila kupitisha waya, juu landilodi hataki hata msumari kwa ukuta.

Zile adapta za kupitisha intaneti kwa nyaya za stima niliazima, zikagoma. Kumbe nilichomeka kwa ekstensheni, na hata kwa soketi ya ukuta ikawa inakatika-katika, nikarudisha.

Chenye kimenisaidia ni yule wenu alisema nitafute rauta nzee. Nikairiset, mara ya kwanza nikaweka mode ya WISP (rauta nzee inatengeneza mtandao wake), printa ikapata IP (namba ya kifaa kwa mtandao) ya mtandao mwingine na laptop haikuiona (nilipoteza Jumamosi nzima hapo). Nikabadilisha ikuwe klaienti (inaingia tu kwa Wi-Fi ya rauta kubwa ya nyumba), ikashika Wi-Fi ya 2.4 GHz, waya fupi hadi kwa printa, ikaprinti mara moja!

Stima ikipotea IP ya printa ilikuwa inabadilika, nikaifunga kwa rauta kubwa ikuwe ile ile, ikatulia. Kuskani kwenda kwa laptop ndio bado kunakataa, sijajua mbona. Asanteni sana, hasa wewe wa rauta nzee.