Viza ya utalii ya Urusi ukiwa unaishi Ulaya: Bonn, Dar au ya mtandaoni?

Binti Pangani
Habari za jioni wakuu. Mimi na mume wangu tuko Dortmund, mwaka wa sita huu. Mwezi wa sita tunataka Moscow siku nne, halafu St Petersburg siku sita tukaone ule usiku usioingia giza. Mume alishachukua uraia, ana pasi ya Kijerumani. Mimi bado na ya Tanzania, na kibali cha kuishi hapa. Kuna anayeniambia niombe huku huku, mwingine anasema nisubiri likizo ya Aprili niombe Dar maana ndiko kwetu, na shemeji yangu anaapa kuna viza ya mtandaoni, unamaliza kabla chai haijapoa. Ipi ina usumbufu kidogo?

Kiberenge
Shemeji yako amepatia nusu. Viza ya mtandaoni kwa mfumo wa sasa ilianza tarehe 1 Agosti 2023, na wanapewa wenye uraia wa nchi zilizomo kwenye orodha yao tu. Nchi zote za Umoja wa Ulaya zimo. Mume atajaza fomu, atapakia picha na ukurasa wa pasi, atalipa, na majibu ni ndani ya siku nne. Haombwi mwaliko wala hoteli. Zamani ilikuwa ya siku 16, tangu Agosti 2025 mtu anakaa hadi 30. Wewe kibali chako cha Ujerumani hakikusaidii chochote hapo. Kibali kinaamua uombee wapi, pasi ndiyo inaamua uombe nini. Fungua orodha mwenyewe ujiridhishe, mimi ya Tanzania sikuiona.

Binti Pangani
Duh. Yaani yeye anapata akiwa kwenye kochi, mimi nikapange foleni?

Mzee wa Lumumba
Ndiyo hivyo, mwanangu. Sisi tulipokwenda kusoma Moscow miaka ile ya themanini tulipokelewa uwanjani na makoti tukapewa. Siku hizi kila mtu na koti lake.

Mama Rehani wa Cologne
Dada, mimi niliomba Bonn kwa pasi kama yako, kwa hiyo nisikilize. Ujerumani ilizifunga balozi ndogo nne kati ya tano za Urusi mwaka 2023, umebaki huo wa Bonn pamoja na ubalozi wa Berlin. Kwa bahati yako Bonn si mbali na Dortmund, kuna walioko Munich wanalia.

Kazi yenyewe iko kwenye makaratasi. Unajaza fomu kwenye tovuti ya idara yao ya kibalozi, unaichapa, unaisaini. Picha 3.5 kwa 4.5. Pasi iwe na uhai wa miezi sita baada ya viza kuisha na kurasa mbili wazi. Kibali chako kiwe cha zaidi ya siku 90, wanakiangalia kabla hata ya kukutazama usoni. Halafu uthibitisho wa utalii, wenyewe wanauita mwaliko, kutoka hoteli au kampuni ya utalii iliyosajiliwa kwao. Huo ndio ulioniumiza. Pasi yangu ina majina matatu, mwaliko ukaja na mawili. Yule wa dirishani alishusha kalamu taratibu mpaka kwenye jina la babu yangu, akaligonga mara mbili, akanirudishia bahasha nzima. Sikubishana. Nilitumiwa mpya kesho yake, lakini miadi ilikuwa imeshapita, nikasubiri wiki nyingine mbili.

Na bima iandikwe Urusi kwa jina. Yangu ya kwanza iliandikwa "Ulaya yote", nikaambiwa nikalete nyingine.

Chapa Lapa
Mnaidharau Dar bure. Mimi nilikuwa mwanafunzi Poland, kibali kimebaki wiki chache, huko nisingekubaliwa. Nikaja likizo, nikaomba nyumbani. Hakuna wa kukuuliza kibali cha nchi ya watu, uko kwenu. Ubaya wake ni kwamba pasi inabaki kwao wakati likizo inakatika. Mara mbili niliota ndege imeniacha.

Mama Rehani wa Cologne
Kwa mwanafunzi mwenye kibali kinachoisha, sawa. Huyu dada kibali chake kimetulia, kwa nini auze likizo yake ya Pangani kwa kukaa Dar akisubiri stika ya viza kwenye pasi?

Mbeba Begi
Nipo Dubai, niwaongezee. Huku Mwemirati anaingia Urusi bila viza tangu 2019, lakini mimi mkazi mwenye pasi ya Tanzania naomba kama wewe. Tofauti ni usafiri: sisi tunapanda ndege moja hadi Moscow. Ninyi wa Ulaya tangu Februari 2022 hakuna ya moja kwa moja, mtazunguka Istanbul, Belgrade au huku kwetu. Piga hesabu ya nauli kabla hujalipia viza.

Kiberenge
Kingine: mwenye viza ya mtandaoni anaingilia na kutokea kwenye vituo vilivyotajwa tu. Viwanja vya ndege vya Sheremetyevo (Moscow) na Pulkovo (St Petersburg) vimo, hapo hamna shida. Ila mkipata wazo la kurudi kwa njia nyingine, wewe wa stika utapita, atakayekwama ni huyo wa kochi 😀

Mzee wa Lumumba
Hapo umecheka vizuri. Sasa binti, shika hili: tarehe ya mwisho kwenye viza yao ni mwisho kweli. Ikiandikwa 20 Juni na ndege yenu inaondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia 21, umeshavunja sheria ukiwa kwenye foleni. Omba tarehe zenye nafasi mbele na nyuma. Kadi ya uhamiaji utakayopewa mpakani itunze ndani ya pasi, na hoteli ikusajili. Hoteli za kawaida hufanya zenyewe, ukilala kwa rafiki muda wa kusajiliwa ni siku saba za kazi. Kadi zenu za Visa na Mastercard acheni nyumbani, hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022. Bebeni yuro taslimu, za matumizi ya safari tu, maana Ulaya yenyewe imezuia kupeleka noti zake kule kwa shughuli nyingine.

Chapa Lapa
Na kwa vijana wanaosoma hapa kimya kimya: wakala akikwambia uende kwa viza ya utalii kisha "kazi utaikuta huko", funga simu. Unaweza kuishia vitani: Januari 2023 tulipokea mwili wa kijana wetu kutoka vita ile ya Ukraine, na yeye alikuwa amekwenda Urusi kusoma.

Binti Pangani
Asanteni sana, shikamoo Mzee. Bonn basi, na mwaliko nitausoma herufi kwa herufi mpaka jina la babu. Mume nimemwambia ajaze yake baada ya yangu kutoka, maana nikinyimwa mimi yeye atakwenda kutazama hilo jua na nani? Mama Rehani, hiyo bima iliyokubaliwa ulikata kwa kipindi cha safari tu au kwa siku zote za viza?

Mama Rehani wa Cologne
Siku zote za viza. Usijaribu kubana hapo.