Mzee anarudi nyumbani baada ya kupasuliwa pafu: oksimita ya kidole, ya Bluetooth ao saa?

MwanaKadutu
Bandugu, salamu. Mzee wangu amepasuliwa pafu, Ijumaa anarudi nyumbani. Docta anataka tumtumie namba asubuhi na jioni: oksijeni, mapigo ya moyo, joto la mwili. Niko kati ya vitu vitatu. Oksimita ya kawaida, kile kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni, tunaandika kwenye daftari na kutuma picha WhatsApp. Oksimita ya Bluetooth inayotuma yenyewe. Ao saa ya mkononi yenye kupima oksijeni. Mlioshapita njia hii, ninunue gani? Pesa ni ya kununua mara moja tu.

Nesi_Ibanda
Pole kwa mzee. Lakini bado hujatuambia kitu. Walitoa kipande cha pafu ao walisafisha usaha? Ana miaka mingapi? Siku ya kutoka hopitali, bila oksijeni ya mashine, oksijeni ya damu yake ilikuwa ngapi kwa mia? Na huyo docta yuko wapi?

FundiSimu_Nyawera
Chukua ya Bluetooth. Nimewaunganishia watu watatu hapa Bukavu. Kila kipimo kinaingia kwenye simu na kuchora mstari, docta anaona mtu akishuka polepole siku hata siku. Picha moja ya WhatsApp haionyeshi mwendo huo. Hakikisha tu programu inahifadhi vipimo mtandao ukikatika, ivitume mega (data) zikirudi.

Mwana_Muhumba
Mimi ni saa. Iko mkononi mchana na usiku, mzee hana cha kukumbuka.

MamaFuraha
Mwanangu, acha nikuelezee yaliyonipata.

Dada yangu alitolewa usaha kwenye kifua. Nilimnunulia oksimita ya dola 8 kwenye meza ya barabarani. Siku tatu inasema 98, 97, 98. Tunatuma, docta anafurahi. Usiku wa nne dada akashindwa kulala chali. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, tundu za pua zinafunguka na kufunga, anasema maneno mawili anapumzika. Naweka kidole: 98. Nikamwambia, "Tulia dada, mashine inasema uko mzima." Nilimwambia hivyo zaidi ya mara tatu.

Jirani yetu mkunga akaingia na tochi. Mashine hakuitazama. Aliweka kiganja kwenye kifua chake, akahesabu pumzi dakika nzima: 34. Halafu akachukua ile oksimita, akaibana kwenye kitambaa kilichokunjwa. Ikaandika 96. Kitambaa! Tulimshusha kilimani kwa moto (pikipiki), mimi nimemshikilia nyuma. Hopitalini walikuta 84, maji yalikuwa yamejaa upya kandokando ya pafu. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini lile neno "tulia" linaniuma mpaka leo.

Chochote utakachonunua, kipeleke kwanza hopitali, kivalishwe kidole kando ya mashine yao, mlinganishe namba.

Nesi_Ibanda
Mama Furaha, aksanti kwa kusema. Pumzi 34 kwa mtu mzima aliyetulia ni hatari, kawaida ni 12 hadi 20. Na kuhesabu pumzi hakuhitaji pesa.

Kuna jambo lingine. Oksimita inapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole, na rangi ya ngozi inaingilia. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani: kati ya wagonjwa ambao oksimita iliwapa 92 hadi 96, oksijeni ndani ya damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa karibu weusi 12 kati ya 100. Kwa weupe walikuwa karibu 4. Hizo zilikuwa mashine za hopitali, si za mezani. Sisi namba ikisema 93 tusilale.

Mwana_Muhumba
Lakini nesi, Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hapa 91 ao 92 ni kawaida.

Nesi_Ibanda
Hapana, ndugu. Urefu huu unapunguza kidogo tu, mtu mwenye afya hapa bado anakuwa 94 na kuendelea. Tusiwape watu sababu ya kungoja. Na saa inapima kwenye kifundo cha mkono, mkono ukitikisika inakosea. Iwe ya mapigo ya moyo, si ya kuamulia maisha ya mtu.

MwanaKadutu
Nisameheni kwa kuficha mambo. Mzee ana 61. Walitoa sehemu ya juu ya pafu la kuume. Alipasuliwa India, docta yuko Delhi. Siku ya kutoka alikuwa 95 bila mashine. Alipewa pia kile chombo cha mipira mitatu cha kuvuta pumzi.

Nesi_Ibanda
Delhi! Saa mbili usiku kwetu, kwao ni saa tano na nusu. Bluetooth itatuma, sawa, lakini nani atasoma? Tafuta docta wa hapa akubali kupokea zilezile namba, mwenye kuweza kufika. Mkubaliane kabla ya Ijumaa: joto likifika 38, pumzi zikipita 24, akitema damu, mguu mmoja ukivimba, mnaondoka bila kungoja jibu. Mipira mitatu asiiache.

FundiSimu_Nyawera
Basi Bluetooth inatuma kwa wote wawili kwa mara moja, ndiyo maana ninaipenda. Umeme kwenu ukoje? Simu ikizima usiku hakuna kinachotumwa.

MwanaKadutu
Juzi tulikaa siku mbili gizani. Niko na panel ndogo ya jua, ya redio.

MamaFuraha
Na mbabula, jiko la makaa? Mnapikia wapi? Moshi wa makaa usiingie chumbani kwake hata kidogo.

MwanaKadutu
Tunapikia barazani, mlango wake unafungukia hapohapo. Sikuwa nimewaza. Na nyumba iko chini, ngazi 40 na zaidi kutoka barabarani.

Mwana_Muhumba
Ngazi 40 na pafu lililopunguzwa? Atapandaje akienda kupimwa? Sisi tulimbeba baba kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne.

MamaFuraha
Kiti niko nacho, kile chenye mikono. Uje ukichukue Alhamisi. Mbabula ihamishieni nyuma ya nyumba leo.

MwanaKadutu
Nitakuja, mama. Kuna mtu anajua pa kuazima kitanda kinachonyanyuka upande wa kichwa?