Tupeane uzoefu: kitu gani cha nyumbani kinakuumiza mwili, na umekirekebishaje?

Habari zenu wakuu. Jana nimemkuta mama anafungua kifuniko cha mafuta ya kula kwa meno, nikamuuliza mama meno yenyewe yamebaki mangapi, akanijibu mikono haitaki tena mwanangu. Ana baridi yabisi ya vidole. Basi nikaanza kuzunguka jikoni naangalia vitu kwa macho yake, nikaona aibu. Kisu mpini mwembamba kama kalamu, koki ya sinki ya duara ukiwa na sabuni inateleza tu, sufuria hazina mikono. Kisu nimekizungushia tyubu ya baiskeli mpaka mpini ukanenepa, leo kakata mchicha mwenyewe bila kulalamika. Leteni zenu.

Fundi Maiko:
Mkuu hiyo ya tyubu ilishawatajirisha watu. Marekani kuna mzee aliitwa Sam Farber, mkewe Betsey alikuwa na ugonjwa huohuo wa viungo, kushika kifaa cha kumenyea ikawa mateso. 1990 wakaanzisha OXO, vyombo vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira, na wazima nao wakavikimbilia. Mpini mwembamba lazima uuminye kwa nguvu ndio usiponyoke, mnene vidole vinapumzika.

Mama Sada:
Mimi mbuzi ya nazi jamani 😩 unakaa chini magoti yako masikioni, ukifika nazi ya nne ya wali wa shughuli mgongo umekatika. Nikampelekea seremala aiongezee miguu, akaileta ndefu huyo, nikakaa kwa raha zangu nazi yote ikawa inarukia sakafuni maana meno yako juu na sinia liko chini kabisa. Ikabidi aipunguze, na sinia nikaliweka juu ya kigoda. Sasa mambo safi ila mama mkwe kila akija ananiambia wewe unakuna nazi kama uko ofisini.

Kijana wa Mbagala:
Ndoo! Lita 20 za maji ni kilo 20, zote zinaning'inia kwenye kiwaya chembamba, na kile kiplastiki cha kushikia wiki ya pili kimepasuka. Chukua kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, lipasue kwa urefu, libane kwenye waya, funga na mpira. Viganja vyangu vimepona. Kina mama wa kwetu wao wanacheka tu, wanakunja kanga wanaweka kata kichwani wanaondoka na ndoo huku wanapiga stori.

Mkulima Halisi:
Ngoja niwapinge kidogo, hivi vya laini laini visiwadanganye. Nilinunua mpini wa jembe umepigwa vanishi unang'aa, jua likiwaka na jasho likitoka ni kama umeshika samaki. Baba alikuwa anachonga mwenyewe, anaupima kwa urefu wa anayelima, wa mama mfupi wake mrefu, na hapaki kitu. Nimerudi hukohuko.

Dada Neema:
Babu yangu amekataa simu za kupangusa, ana Nokia 1100 yake, toleo la 2003. Batani anazipata kwa kupapasa, vumbi haliingii kirahisi, na tochi iko kichwani mwa simu, umeme ukikatika yeye ndiye anatumulikia sisi wenye simu za bei 😂 aliyewaza kuweka ile tochi abarikiwe.

Mleta uzi:
Asanteni, kesho naanza na ndoo. Mama naye kaona kisu kimekubali, anataka na mwiko uzungushiwe tyubu. Nimemwambia utanuka mpira kwenye ugali, akasema si huku juu tu ninaposhika, we ugali unasongea wapi? Vifuniko vya chupa bado, kwa sasa tunafungua na glavu ya kuoshea vyombo. Mwenye njia nyingine aseme.