Pedali ya besi: SansAmp Bass Driver au Darkglass B7K?

Kijana_Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Ndugu yangu anarudi kutoka Ulaya mwisho wa mwezi, kasema nichague pedali moja ya besi (kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) aniletee. Nimebakiwa na mbili: SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21 na Darkglass B7K. Ipi ina sauti nzuri? Anataka kulipia kesho.

BesiRockCity:
Nzuri kwa kazi gani, mkuu? Kanisani, dansi, baa? Unapita kwenye amplifaya au unaingia miksa moja kwa moja? Gitaa lina betri ndani au halina? Bila hayo tutabashiri tu.

MkongweWaSebene:
Kwa dansi sioni haja ya ovadraivu, yaani mkwaruzo, kabisa. Besi ya sebene iwe safi, kila kidole kisikike kinapoacha uzi. Chukua SansAmp, shusha "Blend", nobu ya kuchanganya sauti safi na chafu, hadi mwisho. Mkwaruzo unatoka, nobu za besi na trebo zinabaki kazini.

DadaBesi:
Shikamoo mzee, hapo nakupinga. Kwetu kwaya ina vinanda viwili, besi safi inamezwa yote. Ukiipa mkwaruzo kidogo inasikika hata kwenye simu. Ila uzi wa E wazi uko kama hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na ovadraivu nyingi za gitaa la solo zinakata huko chini, besi inabaki mifupa. Ndiyo maana pedali hizi zina nobu ya kuchanganya sauti safi na chafu. B7K inayo, tena ina nobu mbili za sauti za kati. SansAmp ya mwanzo haikuwa na nobu ya sauti za kati hata moja, iliongezwa kwenye V2, toleo la pili. Ukiikuta ya zamani, achana nayo.

BesiRockCity:
Mbona hakuna anayezungumzia umeme? Hili liliniuma sana. Harusi moja nilisahau adapta nyumbani. Kijana wa kinanda akanipa yake ya akiba, ikaingia kwenye tundu vizuri kabisa. Kumbe ni volti 12, chanya katikati, na pedali yangu inataka volti 9, hasi katikati. Taa haikuwaka, ikaja harufu ya kuungua, na maharusi wako mlangoni! Nikachomeka gitaa kwenye miksa hivyohivyo, halina betri, waya mrefu. Besi ikawa nyembamba usiku mzima, na mwenye shughuli akanikata hela. Pedali haikupona.

SansAmp inakula adapta, betri, hata zile volti 48 za miksa kupitia waya wa XLR, ule wa maikrofoni. B7K haina sehemu ya betri. Adapta ikifa katikati ya ibada umekwama.

MpigaVyote:
Bajeti ikibana ipo Behringer BDI21, imefuata SansAmp. Bodi ni plastiki, usiikanyage kwa hasira.

Kijana_Tabata:
Samahani wakuu. Nyuzi tano, gitaa halina betri. Kanisani naingia miksa, nyumbani natumia amplifaya ya solo.

MkongweWaSebene:
Nyuzi tano kwenye amplifaya ya solo? Uzi wa B uko hezi 31, utapasua spika hiyo. Punguza sauti leo hii. Na nyuzi zina umri gani?

Kijana_Tabata:
Miaka mitatu. Nimezichemsha mara mbili.

DadaBesi:
Miaka mitatu! Kuchemsha kunarudisha mng'ao siku chache tu. Hakuna pedali itakayokupa kisicho kwenye uzi.

MkongweWaSebene:
Nyuzi kuukuu ndizo zenye sauti ya rumba. Zangu sijabadili tangu nihamie Morogoro.

DadaBesi:
Mzee, wewe unapiga rumba. Yeye anapiga mapambio.

BesiRockCity:
Mwambie ndugu yako atie seti mbili za nyuzi tano kwenye begi, hazina uzito. Pedali ni SansAmp V2.

DadaBesi:
B7K, na adapta mbili.

Kijana_Tabata:
Nyuzi nimeshamtumia ujumbe. Kwa gitaa la skeli ya inchi 34 (urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja) nichukue unene gani?