Baba kawekewa stenti ya chuma, sasa makohozi yananuka na yana damu. Tuitoe?

MtangaHalisi
Wakuu, shikamooni. Baba yangu, miaka 67, ana saratani ya bomba la hewa, lile kubwa linaloshuka kutoka kooni kwenda mapafuni. Mwezi wa nne alikuwa halali ila ameketi, akipumua kwa mlio wa filimbi. Ukoo tukachanga, akapelekwa India, akawekewa stenti ya chuma, kile kijibomba kinachoshikilia njia ya hewa isizibe. Kesho yake alilala chali kama mtoto, mama akalia.

Sasa tuko Tanga, wiki ya saba. Makohozi mazito kama gundi, ya kijani. Yananuka mpaka baba anakataa kukaa na wajukuu. Jana yametoka na michirizi ya damu. Kaka yangu aliyeko Marekani amesoma kwamba mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2005 juu ya stenti hizi, anataka itolewe haraka. Mimi ndiye ninayemuuguza, naogopa.

MamaZuhura
Pole sana mdogo wangu. Mama yangu aliishi na ya chuma mwaka na miezi mitatu, harufu hiyo naijua. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi juu. Penye stenti havisukumi kitu, basi yanakwama, yanaoza. Sisi hatukuambiwa. Usiku mmoja mama akaamka macho yamemtoka, kifua kinapanda, hewa haiingii. Hospitali walimtoa donge lililokauka kwa kamera ya kuingiza kwenye njia ya hewa, refu kama kidole changu kidogo. Tangu hapo nilimvutisha maji ya chumvi ya 0.9% kwa nebulaiza, ile mashine inayogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta, asubuhi, mchana na usiku, nikachemsha vifaa vyake kila siku. Harufu ilipungua. Muulizeni daktari wenu kama baba naye aanze.

NesiWaZamu
MtangaHalisi, mwambie kaka yako aisome tena. Tahadhari ile ililenga wagonjwa wasio na saratani, ambao njia yao ya hewa imebana kwa sababu nyingine na wana miaka mingi mbele yao. Kwa baba mizani ni tofauti. Na kuitoa si kama kuchomoa mwiba: nyama huota na kuishika, ikivutwa inaweza kuchana ukuta au kuvunjikia humo.

Tafuta kama stenti imefunikwa kwa utando au iko wazi, waya mtupu. Iliyo wazi, uvimbe hupenya kwenye matundu yake. Iliyofunikwa huteleza kutoka mahali pake. Damu ya michirizi isisubiri kliniki ya mwezi ujao, aonwe kesho, makohozi yapimwe, wanaojua kamera wamtazame. Usimnunulie antibiotiki dukani. Filimbi ikirudi, au damu ikijaa mdomo, ni dharura saa hiyo hiyo. Na kila anayetaka kumpitishia mpira kooni aambiwe kwanza kuna stenti.

MtangaHalisi
Asanteni mno. Nimeipata ripoti chini ya bahasha ya picha: imefunikwa, milimita 18 kwa 60. Nimempigia daktari wetu, karuhusu chumvi. Baba kavuta ya kwanza jioni hii, akakohoa sana, katoa kipande kigumu saizi ya punje ya mahindi. Kaomba uji. Kaka nimemsomea haya kwenye simu, kanyamaza, kisha kauliza nauli ya Dar ni shilingi ngapi. Tunaondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi.