Mjane wa miezi miwili, daktari kaandika "sonona?" Namba ipi iende bima?

Karani_wa_Madai
Wakuu, habari za jioni. Nipo kitengo cha madai ya bima, hospitali ya wilaya, tunatumia ICD-10, orodha ya namba za magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kuna faili la mama mmoja wa makamo, mumewe kafariki miezi miwili iliyopita. Halali, chakula hakipiti, kapungua. Daktari kaandika "Kafiwa. Sonona?" na dawa ya usingizi, basi. Mkubwa wangu anataka niweke F32, namba ya sonona, maana Z63.4, ya kufiwa, ikienda peke yake bima wanairudisha. Roho inasita. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Masjala
Usiweke F32, mdogo wangu. Alama ya kuuliza si ugonjwa. Daktari akiwa hana hakika, unaandika kilichothibitika: hapo ni kukosa usingizi, halafu Z63.4, kifo cha mwanafamilia, kama hali iliyoleta hayo. Habari ya bima italipa au hailipi isikuchagulie namba. Huyo mama akiandikwa sonona leo, itamfuata kila anapofungua faili.

Tabibu Pwani
Nakubaliana na Mzee, ila tusiende upande wa pili tukasema aliyefiwa hawezi kuwa na sonona. Wamarekani walikuwa na kizuizi cha namna hiyo kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, wakakiondoa mwaka 2013. Vyote viwili vinaweza kuwepo, na hapo unaandika F32 pamoja na Z63.4. Lakini daktari lazima aonyeshe amefikaje huko. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi: anamkumbuka marehemu, analia, baada ya muda anacheka na wajukuu. Sonona inakaa karibu siku nzima, wiki mbili au zaidi, na mtu anajiona hana thamani hata kwa mambo yasiyohusu msiba. Na akisema "natamani nimfuate", aulizwe zaidi, na jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

Jingine: kama ni Mwislamu, yupo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Nimeshaona faili limeandikwa "anajitenga, hatoki nyumbani". Atoke aende wapi?

BintiMinnesota
Huku Marekani tuna F43.81, ya huzuni ya msiba iliyorefuka, tangu tarehe 1 Oktoba 2022. Usije ukaiokota mtandaoni ukaipeleka huko, ni ya toleo letu tu, ICD-10 ya WHO haina. ICD-11, toleo jipya la WHO, ndiyo inayo, 6B42, na inataka isipungue miezi sita, tena izidi waziwazi desturi na dini ya mhusika. Mwongozo wa Wamarekani unataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Kwa miezi miwili hafiki popote.

Karani_wa_Madai
Nimewaelewa. Sasa namwulizaje daktari bila kuonekana namfundisha kazi? Huyu bwana ni mkali.

Mzee wa Masjala
Karatasi ndogo ndani ya faili: "Dkt, naomba ufafanuzi. Dalili zilianza lini? Sonona umeithibitisha, umeiondoa, au bado unachunguza?" Usimwandikie "tuweke F32?", hapo umeshamtilia jibu mdomoni. Akijibu, aongeze chini, tarehe na sahihi. Asifute ya zamani, wakaguzi wa bima wakiona pamefutwa ndipo maswali yanapoanzia.

Tabibu Pwani
Kabla hatujafika kwenye madai: kaandikiwa tarehe ya kurudi? Mjane asiyelala, kapewa vidonge vya usingizi, hakuna aliyemuuliza habari ya kujidhuru. Mimi hilo ndilo linalonitisha.

Karani_wa_Madai
Tarehe haipo. Simu yake ipo kwenye faili. Kesho asubuhi nampelekea daktari karatasi, na nitamwomba sista wa kliniki ampigie mama arudi wiki hii hii.